Tangazo Ukutani: Vikao vya Matumizi ya Ardhi na Afya ya Wakazi wa Nyakato

Tangazo lenyewe huwa karatasi moja. Hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, pengine kwenye mti au kwenye ukuta wa kiwanja kinachohusika, na aghalabu mvua ya kwanza huondoka nalo. Maneno yake hayatofautiani sana na ya tangazo lililotangulia: mmiliki wa kiwanja namba fulani, kitalu fulani, anakusudia kubadili matumizi ya ardhi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, au kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta, au kutoka eneo la wazi kwenda matumizi mengine, mwenye maoni au pingamizi aliwasilishe kwa mkurugenzi kabla ya tarehe iliyotajwa. Mpita njia anayewahi daladala ya Barabara ya Musoma husoma sentensi ya kwanza, akakutana na namba za kitalu asizozijua, akaendelea na safari yake. Kiwanja hicho huenda kipo nyuma ya chumba anacholala.

Nyakato ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili kwa karibu. Kata hiyo ya Manispaa ya Ilemela imekaa kandokando ya njia kuu inayotoka katikati ya Jiji la Mwanza, ikapita Mabatini na Buzuruga, kuelekea Igoma, Magu na hatimaye mpakani Sirari. Katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa miguu bila kuchoka hukutana viwanda, maghala, gereji, soko, nyumba za kulala wageni, shule, viwanja vilivyopimwa tangu zamani na nyumba zilizojengwa kabla ya mpimaji kufika. Idadi ya watu nayo haikusubiri. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Ilemela ilipata halmashauri yake, ilihesabu watu zaidi ya 700,000 katika Ilemela na Nyamagana kwa pamoja. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni moja na laki moja. Watu laki nne walioongezeka katika miaka kumi walihitaji mahali pa kulala, pa kufanyia kazi, pa kutupa taka na pa kuzikwa, na kila hitaji kati ya hayo lilidai kipande cha ardhi ambacho jirani alikuwa na mawazo mengine juu yake.

Sheria inayotawala mivutano hiyo ni Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyofuta sheria ya mwaka 1956 iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Chini yake halmashauri ya jiji, manispaa au mji huwa mamlaka ya upangaji. Inapotaka kuandaa mpango, inawajibika kutangaza kusudio lake, kuwaita wadau wakiwamo wenye ardhi, na kuiweka rasimu hadharani ili watu waione na kuisema. Mpango mkubwa unaoihusu Mwanza ni Mpango Kabambe wa 2015–2035, unaozifunika Ilemela na Nyamagana kwa pamoja. Chini ya mpango wa aina hiyo huja michoro ya mipangomiji ya maeneo madogo, ambayo watu wa mitaani huiita TP, inayoonyesha kiwanja kwa kiwanja wapi ni makazi, wapi biashara, wapi shule, wapi pabaki wazi. Ngazi ya mwisho, na ndiyo inayomgusa mkazi mara nyingi zaidi, ni ombi la mtu mmoja kutaka kiwanja chake kitoke kundi moja la matumizi kiingie jingine.

Katika miji mingi ya Marekani, ambako kanuni za kugawa maeneo zilishika kasi baada ya New York kutunga zake mwaka 1916, maombi ya namna hii husikilizwa na bodi maalumu, siku maalumu, mbele ya watu waliojiandikisha kusema. Tanzania haina chumba kimoja cha aina hiyo. Usikilizaji umetawanywa: mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, meza za wataalamu wa ardhi, kamati ya madiwani inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, kisha, kwa mambo yanayohitaji hivyo, mamlaka za ardhi za ngazi ya juu. Mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira huongeza mlango mwingine, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake humtaka mwendelezaji awashirikishe wananchi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira laweza kuitisha mkutano wa hadhara. Mtu asipoijua njia hii huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na huishia kupeleka malalamiko yake kwenye baraza la ardhi, ambalo kazi yake ni kutatua migogoro baina ya wadai. Swali la kama mtaa ungeruhusu karakana halikuwahi kuwa lake.

Ichukuliwe karakana hiyo kwa mfano, wa kubuni lakini usio mgeni kwa mtu yeyote wa Nyakato. Kiwanja cha kona kilichopimwa kwa ajili ya makazi kimeuzwa na warithi. Mnunuzi anataka kukifanya mahali pa kuchomelea vyuma na kupiga rangi magari. Ni kazi halali, itaajiri vijana wa mtaa, na mageti ya nusu ya nyumba za jirani yametengenezwa na mafundi wa aina hiyohiyo. Mkutano wa mtaa unaitwa. Waliofika ni wachache, wengi wao wanaume wenye nyumba zao. Mama auzaye dagaa sokoni hayupo, kwa kuwa saa ya mkutano ndiyo saa ya biashara. Wapangaji hawapo pia, ingawa kisheria mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18 na si wa wenye hati peke yao. Wameshazoea kuambiwa kwamba mambo ya viwanja yana wenyewe. Mnunuzi anajitambulisha kwa heshima, anaahidi kuchangia madawati ya shule. Mzee mmoja anasimama: “Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sina ubaya na kijana huyu, ila moshi.” Anajibiwa na sauti ya nyuma: “Kwani baba, tunataka maendeleo au hatutaki?”

Swali hilo limeua mijadala mingi. Lina nguvu kwa sababu aliyeulizwa hana la kujibu zaidi ya neno moja, moshi, na moshi kila mtu anao jikoni kwake. Laiti pembeni ya mzee yule angekuwapo mtu wa kueleza moshi wa namna gani, mjadala ungehamia mahali pengine. Moshi wa kuchomelea vyuma uliwekwa mwaka 2017 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi unatosha kusema vinasababisha saratani kwa binadamu. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi huwa na kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya pumu ya kazini. Aliyekwisha kuathirika huweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo mno ambacho mwenzake hata hakihisi. Mwali wa kuchomelea huunguza uso wa jicho kwa miale isiyoonekana, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, mtoto akilia kwamba ametiwa mchanga machoni ilhali hakuna mchanga. Mafundi wana vioo vya kujikinga, japo si wote. Watoto wanaochungulia ukutani hawana.

Tena kuna upepo. Kwa kawaida pwani ya Ziwa Victoria hupata upepo wa ziwani mchana na wa nchi kavu usiku, kwa kuwa ardhi hupata joto na kupoa haraka kuliko maji. Kwa hiyo mahali pa karakana kwenye kiwanja, mwelekeo wa bomba la kutolea hewa na saa za kupiga rangi ni mambo yanayoamua ni nyumba zipi zitapokea mvuke huo na wakati gani. Hayo yanaweza kuandikwa. Watu wengi hudhani kikao cha aina hii kina majibu mawili tu, ndiyo au hapana, ilhali tunda lake kubwa mara nyingi huwa masharti: kazi isianze kabla ya saa fulani wala kuendelea baada ya saa fulani, rangi ipigwe ndani ya chumba chenye chujio, ukuta uwe na kimo fulani, mafuta machafu yasielekezwe kwenye mfereji wa mvua. Pingamizi lisemalo “hatutaki” hushindwa kirahisi na ahadi ya madawati. Pingamizi linalotaja umbali, saa na mfereji humlazimisha afisa mipangomiji kulijibu, na likikataliwa hubaki katika muhtasari kama ushahidi kwamba halmashauri ilijulishwa mapema.

Si kila kinachoamuliwa huko kina harufu. Huenda jambo zito kuliko yote, kwa jicho la tabibu, ni upana wa njia. Katika urasimishaji wa makazi, ambao Ilemela kama manispaa nyingine nchini imeuendesha katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, wakazi hukutana, huoneshana mipaka, huchangia gharama, na hubishana juu ya barabara zitakazopita baina ya nyumba zao. Kila mmoja anataka barabara, na kila mmoja anataka ikatwe upande wa jirani. Ubishi wa mita moja unaweza kula alasiri nzima. Mwishowe mzee wa busara hupendekeza njia ya miguu ya kutosha pikipiki, watu hupumua, bikoni huwekwa, na wote hurudi nyumbani wakiwa hawajagombana.

Njia ya kutosha pikipiki haiwezi kupitisha gari la kunyonya majitaka. Choo kikijaa, mwenye nyumba ana chaguo tatu: achimbe kingine katika kiwanja ambacho hakina tena nafasi, awalipe vijana wakitapishe usiku kwa ndoo, au asubiri mvua kubwa afungulie bomba. Kwenye miteremko yenye mawe ya Mwanza, ambako shimo la kina halichimbiki kirahisi, chaguo la tatu hupendwa kuliko inavyosemwa. Maji hayo hushuka kwa jirani wa chini, kisha mferejini, kisha mtoni. Mto Mirongo, unaopita Mabatini na katikati ya mji kabla ya kumwagika ziwani, umepokea mengi ya namna hiyo, na ziwa hilohilo ndilo linalotoa maji ya jiji. Mwaka 2012 madaktari wa upasuaji wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo. Kutoboka utumbo ni hatua ya mwisho ya ugonjwa ambao bakteria wake husafiri kutoka kinyesi cha mtu mmoja hadi kinywa cha mwingine. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea nchini, Mwanza ikiwamo, ulifuata njia hiyohiyo. Katika wodi, mgonjwa wa aina hii huulizwa alikula nini, alikunywa maji gani. Hakuna amwulizaye kama gari la majitaka linafika kwake.

Vivyo hivyo gari la wagonjwa. Mzazi anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua nyumbani anaweza kufa katika muda wa saa chache, na sehemu ya saa hizo huishia ndani ya kichochoro, akibebwa na wanaume wanne kwenye kiti, au akikalishwa juu ya bodaboda kati ya dereva na shangazi yake, kutoka mlangoni hadi mahali dereva wa gari aliposhindwa kuendelea. Mita iliyookolewa siku ya bikoni haitajwi katika fomu yoyote ya kifo. Waliokubaliana juu yake hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitetea ukuta waliojenga kwa akiba ya miaka kumi, na hakuna aliyewaeleza mita ile ilikuwa ya kazi gani. Wala fidia haikuwa mezani: katika urasimishaji mara nyingi mkazi huombwa aitoe ardhi ya njia kwa hiari, kwa hoja kwamba kiwanja chenye hati na barabara kitapanda thamani. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwenye kiwanja kikubwa. Mwenye vyumba viwili anaombwa kimoja.

Taaluma ya tiba ina deni katika habari hii, na ni vema likasemwa bila kuremba. Upangaji wa miji wa Afrika Mashariki ulizaliwa mikononi mwa madaktari. Mwaka 1913 na 1914 Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya jamii kutoka Uingereza, alizunguka Kenya ya leo, Uganda na Zanzibar wakati wa hofu ya tauni, akapendekeza miji igawanywe kwa asili ya wakazi, Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao, na baina yao pabaki ukanda mtupu. Dar es Salaam chini ya Waingereza ikapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukawa sehemu ya mpaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mbu na panya, kwa bahati mbaya kwa wapangaji hao, hawakuheshimu ukanda. Maji ya bomba na mitaro vilikwenda kwanza upande mmoja, magonjwa yakabaki upande mwingine, kisha wingi wa magonjwa hayo ukatumiwa kuthibitisha kwamba utenganisho ulikuwa wa haki. Hakuna aliyeitwa kutoa maoni. Mzee wa Mwanza au wa Kariakoo anayekunja uso asikiapo maneno “kwa sababu za kiafya” kutoka kwa afisa mwenye ramani mkononi anakumbuka jambo lililotokea kweli.

Usukumani kwenyewe mashauri ya ardhi yalikuwa na mahali pake kabla ya ramani. Ngitili, eneo la malisho linalofungwa kipindi cha mvua ili nyasi zihifadhiwe kwa ajili ya kiangazi, ni utengaji wa matumizi ya ardhi kwa maana kamili ya neno hilo: mipaka inajulikana, msimu unajulikana, adhabu ya anayeingiza ng’ombe kinyume inajulikana. Na makubaliano makubwa ya jamii yalipelekwa kwenye dagashida, mkutano wa wote. Mradi wa HASHI, ulioanzishwa Shinyanga mwaka 1986 kurudisha miti katika ardhi iliyokuwa imegeuka jangwa, ulifufua ngitili nyingi kwa sababu haukuleta kanuni mpya. Uliikuta iliyokuwapo ikasimamiwa na watu wenyewe. Mji hauwezi kuigeza dagashida moja kwa moja, maana Nyakato haikai ukoo mmoja wala kabila moja, na anayepanga chumba leo huenda akahama mwezi ujao. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mkutano wa zamani ulilijua na wa sasa umelisahau: watu walipewa nafasi ya kusema kabla mambo hayajaamuliwa, si kuitwa kupiga makofi baadaye.

Yale yatokeayo hatua hiyo inaporukwa yameandikwa katika hukumu. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishi kando ya dampo la jiji, katika moshi wa taka zilizoungua usiku na mchana, hadi mwaka 1988 walipokwenda Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru utupaji usitishwe na jiji litafute mahali ambapo taka hazitadhuru watu. Jiji likaomba muda, likaomba muda tena, na mwaka 1991 mahakama ikakataa kuuongeza, ikiitazama afya ya wakazi kupitia haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Huko nako watu 795 wakafungua shauri mwaka huohuo, na safari hii hoja yao moja ilikuwa ya mipangomiji moja kwa moja: mpango wa jiji lenyewe ulikuwa umelitenga eneo lile kwa makazi. Wakashinda. Ni ushindi unaofaa kufundishwa, ila yafaa pia kuhesabu kilichotangulia. Mamlaka iliyoshindwa Tabata ilichagua mahali pengine palipokaliwa na watu, kinyume cha ramani yake yenyewe, na wakazi walipata kusikilizwa kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya jaji.

Mombasa gharama ilikuwa kubwa zaidi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kilianza kazi mwaka 2007 huku ukuta wake ukipakana na nyumba za watu. Kilifungwa mwaka 2014. Risasi haina kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitambua kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima hufyonza kutoka chanzo kilekile. Huingia katika ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza kwa namna ambayo dawa haiwezi kurudisha. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikizilaumu pia taasisi za serikali zilizopaswa kukizuia kiwanda. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023. Mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kiwanda kilianza kazi alikuwa na miaka 17 siku hiyo.

Nyakato haina haja ya kusubiri Owino Uhuru yake. Kata yenye viwanda, mafundi na makazi yaliyoshikana inafaidika na ukaribu huo kila siku: mfanyakazi anakwenda kazini kwa miguu, mama lishe anapata wateja, fundi anapata kazi bila kupanda daladala mbili. Wapangaji miji waliotaka kutenganisha kila kitu, kazi huku na usingizi kule, wameacha nyuma yao miji ambayo maskini hutumia robo ya kipato kwa nauli. Kwa hiyo si busara kwa daktari kufika kwenye kikao akidai kila karakana ihamishwe. Kazi yake ni kutofautisha. Fundi cherehani na muuza vifaa vya ujenzi ni majirani wazuri. Mashine ya kusaga nafaka hutaka ukuta na saa. Kuyeyusha betri hakutaki masharti, kunataka mahali pengine kabisa. Vivyo hivyo ufukweni, ambako sheria ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa: mtu akiomba kujenga hapo, hakuna ahadi ya madawati iwezayo kuzipunguza mita hizo, na mkutano wa mtaa hauna mamlaka ya kuzigawa.

Mtu wa kufanya utofautishaji huo tayari yupo katika muundo wa serikali. Kila halmashauri ina maofisa afya mazingira, na kata nyingi zina afisa afya wake. Ndiye akaguaye bucha, vyoo na nyumba za wageni, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa meno. Shida ni kwamba mara nyingi huitwa mwishoni, jengo likiwa limeezekwa, kukagua kama lina vyoo vya kutosha. Kumwita kwenye mkutano wa kwanza hakuhitaji sheria mpya wala bajeti. Kunahitaji mwenyekiti wa mtaa atume ujumbe wa simu. Waganga wa zahanati nao wana rejista zinazosema wagonjwa wa kuharisha wametoka mtaa upi na wa kifua upi. Karatasi moja yenye hesabu za miezi sita, bila jina la mgonjwa hata mmoja, ingekuwa na uzito ambao neno “moshi” halina. Na vyuo vya tiba vya jiji, ambavyo kila mwaka hupeleka wanafunzi mitaani kujifunza afya ya jamii, vingeweza kuwatuma pia kukaa nyuma ya mkutano wa aina hii, wakaona namna ugonjwa unavyopewa kibali.

Saa ya mkutano nayo ibadilishwe. Alasiri baada ya soko, au Jumapili watu wakitoka kanisani, humleta mama wa dagaa. Tangazo likisomwa kwa kipaza sauti kwa jina la mahali watu wanapajua, “kiwanja cha kona karibu na mashine ya kusaga”, badala ya namba ya kitalu pekee, humleta mpangaji. Mambo haya ni madogo kiasi cha kuonekana hayafai kuandikwa katika jarida la chuo kikuu, na pengine ndiyo maana hayajaandikwa.

Katika mfano wa karakana, mkutano humalizika jioni. Mtendaji husoma maazimio: wakazi hawana pingamizi, isipokuwa mzee mmoja aliyetaja moshi. Kama afisa afya alikuwapo, panaongezwa mistari minne: chumba cha kupigia rangi chenye chujio, ukuta upande wa shule, kazi ikome saa kumi na mbili jioni, mafuta machafu yawekwe kwenye pipa na kuchukuliwa. Mwenyekiti hutia saini, muhuri hupigwa, na jalada husafiri kwenda Buswelu, makao ya manispaa, ambako maofisa wasiomjua mzee yule wala mwanafunzi wa shule ile watalifungua na kusoma kilichomo.